Nyumba Zilizozama Bila Maji

Katikati ya Goma, mashariki mwa Kongo, yapo majengo yaliyopungukiwa na ghorofa moja bila fundi yeyote kuyabomoa. Mgeni huyapita asijue. Ataona duka la simu, mlango usawa wa barabara, ukuta umepakwa rangi ya kampuni ya mtandao, muziki umefunguliwa mpaka mwisho. Akitulia ndipo anagundua kwamba mlango umekaribiana mno na dari, kwamba ngazi ya pembeni inaanzia mahali pasipoeleweka, na kwamba ukuta hauna msingi unaoonekana: unachomoza tu kutoka ndani ya jiwe jeusi. Duka hilo lilikuwa etaji ya kwanza. Chumba cha chini bado kipo, kimejaa lava tangu tarehe 17 Januari 2002. Wenye nyumba waliporudi kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, asiyekuwa na nguvu ya kuchimbua alipanua dirisha likawa mlango, maisha yakaendelea.

Mombasa ina Fort Jesus yake, Unguja ina Mji Mkongwe, na watu husafiri kwenda kuyatazama. Goma nayo ina mji mkongwe, ila sehemu yake kubwa inakanyagwa. Kisa cha mji huo nakileta hapa kwa sababu kimekwisha kutokea mara tatu, kwa watu wenye akili timamu, na kila ukitazama jinsi viwanja vinavyouzwa leo unaona kwamba ya nne inaandaliwa kwa bidii.

Goma ilianza kama kituo kidogo cha Wabelgiji kilichotazamana na Gisenyi ya Wajerumani, wakati mpaka wenyewe ulikuwa bado una ubishi; mataifa yalikuja kupatana juu yake mwaka 1910. Hakuna aliyeipangia ukubwa. Mji wa heshima ulikuwa Bukavu, kule mwisho wa kusini wa Ziwa Kivu. Goma ilikuwa mahali pa kupakia na kupakua. Bandari ikawekwa chini ya kilima kinachoitwa Mont Goma. Nyumba za wazungu zikapangwa ukingoni zikitazama maji, maduka yakapanda taratibu kuelekea kaskazini, uwanja wa ndege ukafuata nyuma yake. Rais Mobutu naye alipopendezwa na upepo wa ziwa alijenga jumba papo hapo ukingoni, jumba ambalo baadaye liligeuzwa ofisi za gavana. Mwaka 1988 Kivu ilipogawanywa, kituo kile cha kupakulia mizigo kikawa makao makuu ya Kivu Kaskazini, na tangu hapo watu hawakuacha kuja: wengine kwa biashara, wengi zaidi kwa kukimbia vita.

Sasa mtu asimame bandarini ayape maji mgongo, yaani atazame nchi kavu. Kilima kilicho mbele yake, Mont Goma, ni volkano ndogo ya zamani. Upande wa magharibi, Lac Vert, lile ziwa dogo la kijani, ni shimo la volkano nyingine. Na juu kabisa kaskazini, kilomita kama 18 kutoka hapo, kuna mlima Nyiragongo wenye mita 3,470 kutoka usawa wa bahari, wakati maji ya ziwa yako kwenye mita 1,460 hivi. Tofauti yao ni mita 2,000, na kati yao hakuna kizuizi isipokuwa mji.

Lava ya Nyiragongo si ile nzito inayojikokota kama tunavyoiona kwenye picha za nchi nyingine. Haina silika nyingi, kwa hiyo hutiririka kama uji uliozidishwa maji. Na kitu chepesi kinachoshuka hakijitungii njia. Hufuata mteremko na mabonde yaliyokwisha kuchongwa. Moja ya njia hizo hushuka kupitia Kibati na Munigi, hukata uwanja wa ndege, huingia kati ya maduka na kuishia ziwani. Ukiutazama mji kwa jicho la mlima, bandari ya Goma ni mahali mto unapomwaga maji yake. Tofauti ni kwamba mto wenyewe hutiririka mara moja kwa kila miaka ishirini hivi, muda unaotosha kabisa mtu kuoa, kujenga, kuzaa na kusahau.

Mara ya kwanza katika kumbukumbu za walio hai ilikuwa tarehe 10 Januari 1977. Ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa la lava lililokuwa ndani ya shimo la kileleni likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Wataalamu walikadiria kwamba mahali penye mwinuko mkali lava ilikimbia kilomita 60 kwa saa na zaidi, kasi ambayo hakuna mguu wa binadamu unaoiweza. Vijiji vya mlimani viliungua na watu wake. Ila mji wenyewe ulipona, lava iliganda kabla ya kufika madukani, na hapo ndipo kosa la kwanza lilipozaliwa. Watu wa mjini walijifunza kwamba moto wa Nyiragongo ni balaa la watu wa vijijini.

Miaka 25 ikapita. Ule mteremko uliokuwa mashamba na vichaka mwaka 1977 ukajaa. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache, kipindupindu kikawafyeka, dunia nzima ikaijua Goma kwa jina. Baadaye vikaja vita vya 1996 na vya 1998. Katika mji wa namna hiyo nani angekuwa na nafasi ya kuulizia mlima? Hata hivyo aliyeulizia alikuwepo. Mtaalamu wa Kikongo, Dieudonné Wafula, aliyekuwa akiufuatilia mlima kwa vifaa vichache vilivyosalia, aliona mitetemeko na joto vinabadilika akatoa tahadhari mapema. Wakati huo Goma ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD. Tahadhari ilifika kwa watu wasiokuwa na mpango, na mahali pasipo na mpango tahadhari hugeuka habari tu.

Alhamisi asubuhi, tarehe 17 Januari 2002, ubavu wa kusini ulipasuka. Safari hii ufa haukuishia juu; uliendelea kushuka mpaka Munigi, jirani kabisa na uwanja wa ndege, na lava ikaanza kutoka pale pale chini, mlangoni pa mji. Ilifunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege. Iliingia katikati ya biashara, ikachoma kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ikajaza maduka, maghala na nyumba za enzi za Wabelgiji kwa unene wa mita mbili, na mahali pengine zaidi. Usiku ikafika ziwani. Takriban asilimia 13 ya mji ilifunikwa, watu wapatao 120,000 wakabaki bila makazi, na zaidi ya 100 wakafariki.

Kilichowasumbua wengi siku ile ni kwamba lava iliukata mji vipande viwili. Waliokuwa mashariki mwa mkondo walikimbilia Gisenyi. Waliokuwa magharibi wakaelekea Sake. Baba yuko huku, watoto wako kule, katikati kuna moto. Na vifo vingi katika hivyo havikutokana na lava yenyewe. Siku nne baada ya mlipuko, kituo cha mafuta kilichozungukwa na lava ya moto kililipuka huku watu wamejazana ndani yake wakijichotea petroli kwenye bidoni. Walikufa makumi kwa mara moja. Hawakuwa wajinga. Walikuwa watu waliopoteza kila kitu, wameona kitu chenye thamani hakina mlinzi.

Ndani ya siku tatu umati ukarudi Goma, ukitembea juu ya jiwe lililokuwa bado linachoma soli za viatu. Mashirika ya misaada yalishangaa. Yalikuwa yameandaa makambi upande wa Rwanda, na watu hawakuyataka. Mimi siwashangai. Aliyeyaona makambi ya 1994 haendi kambini kwa hiari yake, tena mwenye kiwanja Goma anajua kwamba kiwanja kisicholindwa kwa wiki moja hupata mwenye mpya. Basi walirudi, wakatafuta kona za parseli zao juu ya jiwe kwa kukisia, huyu akihesabu hatua kutoka mti ulioungua, yule kutoka pembe ya ukuta wa jirani. Wakajenga kwa mbao, maana mbao ni nyepesi, na zikitakiwa kuhamishwa zinahamishika. Hilo lilikuwa jambo la busara kuliko yote yaliyofanyika Goma mwaka ule, na lilifanywa na maskini.

Kosa la pili lilikuja baadaye, polepole, na halikufanywa na maskini. Pesa iliingia mjini: ya madini, ya mashirika, ya askari wa Umoja wa Mataifa, ya wafanyabiashara waliohama vijijini kwa sababu ya vita. Mahali palipokuwa na mbao pakapandishwa ghorofa tatu, nne, juu ya mkondo ule ule. Lava yenyewe ikawa mali ya ujenzi. Ukipita Goma popote unasikia nyundo. Wanaume wanapasua jiwe jeusi, akina mama na watoto wanaligonga kuwa kokoto, malori yanabeba. Kuta za mji mzima ni lava ya jana iliyopangwa vizuri kuingojea ya kesho.

Mazungumzo ya mnunuzi na kamisioneri, yule dalali wa viwanja, yamezoeleka mno hata nimeyajua kwa moyo.

“Papa, hapa volkano ilipita?”

“Mama yangu, Goma yote ni volkano. Ukitaka mahali haikupita, nenda Kisangani.”

Mnunuzi anacheka, kamisioneri anacheka, hesabu ya dola inaanza. Jibu lile ni la kweli, ndiyo maana linaua. Ni kweli kwamba chini ya mji mzima kuna lava. Ila lava iliyoganda zamani sana kwenye mwinuko wa Himbi si sawa na lava ya 2002 ndani ya bonde ambalo Munigi inaelekeza mkondo wake. Kuchanganya hizo mbili ni kama… sina haja ya mfano. Mwenye macho ataona rangi: ile ya zamani imeota udongo na migomba, ile mpya bado inang'aa na kukata mikono. Ramani za hatari ya lava nazo zipo. OVG, kituo cha kuchunguza volkano hapo Goma, kimezichora pamoja na watafiti wa Ubelgiji na Italia, na zinaonyesha bila kificho njia ambazo moto unaelekea kuzifuata. Sijapata kusikia kamisioneri akimtajia mnunuzi ramani hizo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema ardhi yote ni mali ya dola, maana yake kila karatasi ya kiwanja ina sahihi ya mtu wa serikali chini yake. Huyo ndiye wa kuulizwa, kabla ya mama aliyejenga kibanda.

Ukingoni mwa ziwa mambo ni hayo hayo, kwa sura nyingine. Upande wa magharibi, kuelekea Keshero, Lac Vert na Bulengo, kuna mabonde madogo yenye mazuku, ile hewa ya kaboni dioksidi inayotoka kwenye nyufa za ardhi na kutuama mahali pa chini kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haina rangi. Mbuzi akishuka bondeni alfajiri hapandi tena. Mjusi utamkuta amekauka juu ya jani. Mshumaa ukiushusha unazimika kabla ya kufika chini. Watoto wa wakimbizi wa ndani wamekufa hivyo, wakitafuta kuni. Zamani hakuna aliyejenga humo, wakulima walipajua na kupaogopa. Mji ulipofika, mabonde yakapimwa kama viwanja vingine. Ujanja wa muuzaji ni saa ya kuonyesha kiwanja: humleta mnunuzi saa sita mchana, jua kali, upepo wa ziwa umekwisha kuipeperusha hewa ile. Mwenye akili aende saa kumi na moja alfajiri, asimame juu ya bonde asishuke, aangalie kama kuna ndege.

Na ukingo uliobaki umezungushiwa kuta. Toka mpaka wa Grande Barrière kwenda magharibi ni hoteli, majumba ya watu wakubwa, bustani zenye walinzi. Mji wa watu zaidi ya milioni moja umelala kando ya moja ya maziwa mazuri ya Afrika na wakazi wake wengi hulifikia kwa vichochoro vichache tu. Katika vichochoro hivyo ndipo maisha yote yanapobanana. Kituku, kwa mfano: asubuhi vijana wanaingia majini mpaka magotini wakijaza bidoni za njano, mfanyakazi wa afya amesimama na bomba la sindano lenye klorini akidondoshea kila bidoni kipimo chake kwa sababu ya kipindupindu, chukudu, zile baiskeli za mbao, zinangoja kupandishwa mzigo mlimani, na hapo hapo mitumbwi ya Minova inashusha mihogo, ndizi na makala. Hapo ni jikoni, bombani, sokoni na kituoni kwa wakati mmoja. Wengine watasema ukuta wa hoteli si jambo la kufananishwa na volkano. Nao hawajafikiria mji huu unatokea wapi siku ya kukimbia.

Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021. Kumbuka kwamba safari hii kulikuwa na kituo cha uchunguzi chenye vifaa vya kisasa, vipima mitetemeko vilivyozunguka mlima, na vibao barabarani vyenye bendera za rangi kuonyesha kiwango cha hatari. Rangi ya manjano ilikuwa imezoeleka kiasi kwamba hakuna aliyeiangalia. Kituo chenyewe kilikuwa na shida zake. Ufadhili wa Benki ya Dunia ulikwisha mwaka 2020 na kwa miezi kadhaa kilikosa hata pesa ya intaneti ya kupokea data za mlimani. Lakini hata bila shida hizo kisingesaidia sana, na hapa ndipo penye uzito wa kisa chote. Wanasayansi waliochambua rekodi baadaye, katika utafiti uliochapishwa na jarida la Nature mwaka 2022, walikuta kwamba ishara za wazi zilianza dakika kama 40 tu kabla ya lava kutoka. Dakika arobaini. Mama aliyeko sokoni Virunga hazimtoshi kurudi nyumbani kuwakusanya watoto.

Methali inatuambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Aliyeitunga hakuwa jirani wa Nyiragongo. Ufa wake hauzibiki, na ukuta hausaidii. Kinachobaki ni kujua ufa unaelekea wapi na kutojenga mbele yake. Onyo la mashine ni la dakika, onyo la ardhi ni la miaka, na sisi tumelitegemea lile la dakika.

Lava ya 2021 ilifuata upande ule ule wa kusini, ikameza maelfu ya nyumba katika vijiji na mitaa ya eneo la Nyiragongo, ikasimama Buhene, ukingoni mwa mji. Serikali ilitaja vifo 32 hivi. Baadhi yao walikufa baada ya hatari kuonekana imekwisha: walikatisha juu ya lava iliyoganda uso tu, gesi ikawazima njiani. Halafu moto uliobaki haukutoka juu, ulipita chini. Mwamba ulioyeyuka ulijipenyeza ndani ya ardhi chini ya Goma na kuendelea mpaka chini ya ziwa, mitetemeko ikafuatana mchana na usiku, barabara zikapasuka. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Constant Ndima, aliamuru mitaa kumi ihame mara moja. Katika hiyo kulikuwa na Majengo, Virunga, Murara, Bujovu, yaani kwa sehemu kubwa mji ule ule ulioungua 2002 na kujengwa upya mahali pale pale.

Hofu ya siku zile haikuwa lava peke yake. Chini ya Ziwa Kivu, kwenye vina vya mamia ya mita, imetulia kaboni dioksidi ya kama kilomita za ujazo 300 na methani ya kama 60. Wakubwa wote walikumbuka Ziwa Nyos la Kameruni, ambalo usiku mmoja wa Agosti 1986 lilitema gesi ya namna hiyo na kuua watu zaidi ya 1,700 waliokuwa wamelala. Mwaka 2002 lava iliingia ziwani lakini haikufika kwenye tabaka zenye gesi nyingi. Mwaka 2021 mwamba wa moto ulipita chini ya ziwa na haukutoka. Mara mbili tumeachiwa. Rwanda, upande wake, inavuna methani hiyo kwa umeme. Sisi bado tunajadili nani amejenga hoteli wapi.

Watu walitoka Goma kwa mamia ya maelfu. Wa mashariki Gisenyi, wa magharibi Sake, na maelfu wakashuka bandarini kupanda boti za kwenda Bukavu. Hapo ndipo ukingo ulipodhihirika kuwa ni mlango wa dharura, mlango ambao tumeupunguza upana kila mwaka kwa kuuza kando zake. Mtu anaweza kuuliza, je, gati zile chache zinabeba wangapi kwa salama? Jibu lilikuja kwa njia chungu tarehe 3 Oktoba 2024, siku ambayo haikuwa na volkano yoyote. Vita vilikuwa vimefunga barabara ya Sake na Minova, kila mtu na kila gunia vikawa vinapita majini, na boti Merdi iliyotoka Minova ikiwa imejazwa kupita kiasi ilipinduka jirani na Kituku, watu wa nchi kavu wakitazama. Walikufa makumi. Ikiwa hali ni hiyo siku ya kawaida, siku mlima unaposhuka itakuwaje?

Uwanja wa ndege nao una sura yake katika kisa hiki. Lava ya 2002 iliacha njia ya kurukia imefupishwa kwa kama kilomita moja, na ikaachwa hivyo miaka mingi, kwa sababu kuondoa jiwe ni gharama na ndege zilikuwa bado zinaruka. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya Hewa Bora ilishindwa kuinuka, ikapita mwisho wa njia na kuingia Birere, mtaa wa maduka na nyumba zilizobanana ukutani mwa uwanja. Walikufa watu wapatao 40, wengi wao wakiwa watu wa mtaani waliokuwa kwenye shughuli zao. Rubani anaweza kulaumiwa, ndege nayo. Lakini ile kilomita moja ya jiwe ilikuwa imelala pale miaka sita ikionekana kwa kila aliyepanda ndege, na nyumba za Birere ziliendelea kusogelea upande wa pili.

Sisi si wa kwanza kuishi hivi. Mji wa Catania, Sicily, uko chini ya Etna na una bandari pia. Mwaka 1669 lava ilifika kwenye kuta zake na kuizunguka ngome ya Ursino, iliyojengwa karne ya 13 ikitazama bahari. Ngome haikuanguka, bahari ndiyo iliyosukumwa mbali, na leo jengo la ukingoni limejikuta ndani ya mji. Watu wa Catania wameliacha lionekane jinsi lilivyozungukwa, anayepita pale anaona lava ilifika wapi. Goma ingeweza kufanya zaidi, maana ushahidi wake ni mpya na wa karibu. Nani ameshindwa kupiga mstari wa rangi kwenye kuta zilizosalia, toka uwanja wa ndege mpaka ziwani, kuonyesha kimo cha 2002? Makopo machache ya rangi yangemnyima kamisioneri jibu lake la Kisangani.

Badala yake tumezidisha. Vita vya waasi wa M23 viliporudi, wakimbizi wa ndani walikusanywa Kanyaruchinya kuanzia mwishoni mwa 2022, mamia ya maelfu ya watu chini ya mahema katika njia ile ile ambayo moto ulishukia mwaka mmoja na nusu kabla. Hawakuchagua, palikuwa wazi kwa sababu palikuwa pameungua. Tangu Januari 2025 mji uko mikononi mwa M23, makambi yamevunjwa, uwanja wa ndege umefungwa, na mamlaka za kuulizwa kuhusu ramani zimebadilika tena kama zilivyobadilika kabla ya 2002. Mlima haujali nani ameshika ofisi ya gavana.

Kwa hiyo sitamwambia mtu wa Murara ahame, ahamie wapi? Nitamwambia anayenunua aende kwenye ofisi za OVG na kuomba kuonyeshwa ramani kabla ya kutoa dola ya kwanza, na akiona kiwanja kiko ndani ya mkondo ajenge kwa mbao, asizike akiba ya maisha kwenye ghorofa. Na aliyekwisha kujenga ana kazi moja isiyohitaji pesa. Mei 2021 UNICEF ilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na wazazi wao katika kukimbia. Na hiyo ni lava isiyofika katikati ya mji. Inapopita katikati kama 2002, mzazi aliyeko Murara na mtoto anayesoma Katindo hawawezi kukutana mjini hata wakitaka. Huyu atasukumwa mashariki, yule magharibi. Basi wakae jioni moja, baba, mama, watoto na yaya wa nyumba, wapange: atakayejikuta upande wa Gisenyi atasubiri parokia gani, atakayejikuta upande wa Sake atafikia kwa nani, namba ya simu ya nani imo kichwani mwa mtoto wa miaka saba, na kwamba hakuna mtu, kwa sababu yoyote, atakayekatisha juu ya jiwe jeusi mpaka siku kadhaa zipite.